Emoji ya Sikio Lenye Shimesikio: Maana Yake na Namna ya Kuitumia

Kinachochorwa na kinachomaanishwa

Emoji ni alama ndogo ya picha inayoandikwa ndani ya matini kama ilivyo herufi yoyote, ikibebwa na namba maalumu ambayo simu au kompyuta huisoma na kisha kuionyesha kwa mchoro uliotayarishwa na kampuni iliyotengeneza kifaa hicho au programu inayotumika. Miongoni mwa alama hizo ipo 🦻, sikio la binadamu lenye kifaa kidogo kilichopachikwa nyuma yake, ambayo katika Unicode, yaani mfumo wa kimataifa unaozipa herufi za lugha mbalimbali na alama nyinginezo namba zake, imesajiliwa kwa namba U+1F9BB. Kifaa hicho kilichopachikwa ndicho shimesikio, na wapo wanaokiita kwa urefu kifaa cha kusaidia kusikia. Mwongozo huu unafuata jina la kwanza kwa sababu ni fupi na limekwisha kuzoeleka katika orodha za vifaa saidizi, sambamba na fimbo nyeupe na kitimwendo.

Ili alama itumike kwa usahihi, mtumiaji hana budi kukifahamu kwanza kitu chenyewe kinachochorwa. Shimesikio ina sehemu tatu za msingi: maikrofoni inayopokea sauti kutoka nje, kikuza sauti kinachozidisha nguvu ya sauti hiyo kwa kiasi kilichopangwa kulingana na vipimo vya masikio ya mhusika, na spika ndogo inayoipeleka sauti iliyokuzwa katika tundu la sikio, mara nyingi kupitia mrija mwembamba na kipande laini kilichofinyangwa kufuata umbo la sikio la mtu huyohuyo. Umeme wake hutoka kwenye betri ndogo za zinki na hewa, ambazo huuzwa kwa saizi 10, 312, 13 na 675, au kwenye betri ya kuchaji kwa zile za kisasa zaidi. Aina iliyochorwa katika emoji ni ile inayokaa nyuma ya sikio, ambayo ndiyo inayoonekana kwa urahisi. Zipo nyingine zinazoingia ndani kabisa ya tundu la sikio, lakini hizo, kwa kuwa zimebuniwa zisionekane, zisingefaa kuchorwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ndilo linaloipa alama hii uzito wake, ni kwamba shimesikio hairudishi usikivu uliopotea. Hukuza sauti, na ijapokuwa zile za kidijitali hujaribu kuchuja makelele, mngurumo wa jenereta, honi ya bodaboda na viti vinavyoburutwa sakafuni hukuzwa pamoja na maneno ya mzungumzaji, hasa mzungumzaji anapokuwa mbali au anapozungumza huku ameipa hadhira mgongo. Anayevaa shimesikio kwa hiyo husikia sehemu, hukamilisha sehemu nyingine kwa kuitazama midomo na uso wa anayesema, na huchoka mapema kuliko wenzake kwa sababu kusikiliza kwake ni kazi. Maana kamili ya 🦻 basi si kwamba mtu fulani hasikii, wala si kwamba tatizo lake limekwisha kwa kupata kifaa. Maana yake ni kwamba mtu huyo anasikia kwa msaada wa kifaa, na kwamba anahitaji mazingira yatakayokiwezesha kifaa hicho kufanya kazi. Kila shauri litakalotolewa katika kurasa hizi linatokana na maana hiyo.

Alama hii ilikotoka

Emoji zilianzia Japani katika miaka ya 1990, zikaingizwa kwa wingi katika Unicode mwaka 2010, na sikio la kawaida, 👂, lilikuwemo katika kundi hilo la mwanzo. Ilipita takriban miaka tisa kabla sikio lenye shimesikio halijafuata. Mnamo Machi 2018 kampuni ya Apple iliwasilisha kwa Muungano wa Unicode, ambao ndio wenye mamlaka ya kuzikubali alama mpya, pendekezo la emoji 13 zinazohusu watu wenye ulemavu, likiwa limeandaliwa kwa kushauriana na Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani, Baraza la Wasioona la Marekani na taasisi moja ya nchi hiyo inayoshughulikia mtindio wa ubongo. Pendekezo liligawa alama hizo katika makundi manne, yaani watu wasioona au wenye uoni hafifu, viziwi na wenye usikivu hafifu, watu wenye ulemavu wa viungo, na wale ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Na lilisema wazi kwamba huo ulikuwa mwanzo tu, halikukusudia kutoa orodha kamili.

Alama hizo, zikiwemo sikio lenye shimesikio, mkono bandia, mguu bandia, mbwa mwongozaji na watu wenye fimbo nyeupe au wanaotumia vitimwendo, ziliidhinishwa katika toleo la 12.0 la mwaka 2019, na katika nusu ya pili ya mwaka huohuo zikaanza kuonekana katika simu za Android 10 na za iOS 13.2. Historia hii fupi ina faida moja kwa mtumiaji wa leo: alama ilibuniwa kwa ushauri wa wahusika wenyewe, ili wajitaje wanapotaka kujitaja. Haikubuniwa kwa ajili ya kuwataja wengine kwa mzaha, ingawa katika mitandao ya kijamii matumizi hayo ya pili hayakosekani.

Ndugu zake na mipaka baina yao

Makosa mengi hutokea kwa sababu alama zinazohusu masikio ni kadhaa, na kila moja ina mipaka yake. Sikio la kawaida, 👂, lina maana pana: kutega sikio, kuomba habari, kuonyesha kwamba mtu yuko tayari kusikiliza, au kuzungumzia sikio kama kiungo cha mwili. Zahanati inayotangaza matibabu ya masikio yanayotoa usaha, au inayowaonya wazazi wasiwasafishe watoto masikio kwa njiti, inapaswa kutumia alama hiyo pamoja na maneno, si ile yenye shimesikio, kwa sababu mzazi anayeiona 🦻 anaweza kudhani kwamba vifaa vinagawiwa, akafunga safari na mtoto wake bure. Kwa upande mwingine, anayetaka kusema katika mazungumzo ya kirafiki kwamba anasikiliza kwa makini hana sababu ya kuiacha 👂 na kuchukua sikio lenye kifaa. Kufanya hivyo kunaifuta tofauti ambayo alama mpya ililetwa kuiweka.

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi nao ni kati ya 🦻 na 🧏. Hii ya pili humwonyesha mtu aliyeelekeza kidole karibu na sikio lake, na imechukuliwa kutoka katika neno la kutaja uziwi katika Lugha ya Alama ya Marekani, ambapo kidole husogezwa kati ya sikio na mdomo. Jina lake katika Unicode ni mtu kiziwi, na ina sura ya kike, ya kiume na isiyotaja jinsia. Kiziwi, kwa maana wanayoitumia wanajamii wenyewe, ni mtu ambaye kwa kawaida huwasiliana kwa lugha ya alama, ambayo nchini Kenya huitwa pia lugha ya ishara, na ambaye huenda asiwe na haja yoyote na shimesikio. Wengi wa viziwi hawajioni kuwa wagonjwa wanaosubiri kuponywa, bali wanajiona kuwa jamii yenye lugha yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitambua jambo hilo kwa kuitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, kuwa lugha rasmi ya Bunge. Nchini Tanzania Chama cha Viziwi, maarufu kwa jina la CHAVITA, kimekuwa kikiisemea Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo si tafsiri ya Kiswahili kwa mikono bali ni lugha yenye sarufi yake.

Kutokana na hayo, anayeandika kuhusu viziwi na kuweka 🦻 anaonyesha pasipo kujua kwamba anawaona kama watu waliopungukiwa na kifaa, ilhali wanachokidai mara nyingi ni mkalimani. Kinyume chake, mzee aliyepungukiwa na usikivu akiwa na umri wa miaka 70, ambaye hajui lugha ya alama na anazungumza kwa mdomo kama alivyozungumza maisha yake yote, hatafaidika na tangazo lenye 🧏. Kati ya watu hawa wawili kuna kundi kubwa la wenye usikivu hafifu, yaani wale ambao masikio yao yamepungua nguvu kwa kiwango kinachozuia mazungumzo ya kawaida. Shirika la Afya Duniani, ambalo hupima kwa desibeli na kuhesabu kuwa ni ulemavu upungufu unaozidi desibeli 35 katika sikio lililo bora zaidi kati ya mawili, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wapatao milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa aina hiyo. Si wazee peke yao: homa ya uti wa mgongo, usaha wa sikio usiotibiwa, baadhi ya dawa zenye sumu kwa masikio na kelele za viwandani huwapunguzia usikivu watoto na vijana pia, ndiyo maana kuifanya 🦻 kuwa alama ya uzee ni kosa la ukweli kabla ya kuwa kosa la adabu.

Mpaka wa tatu unahusu kifaa kinachopandikizwa katika koklea, yaani ule mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa kama kombe la konokono, ambamo sauti hugeuzwa kuwa ishara za neva. Mwenye kupandikizwa huvaa kifaa cha nje nyuma ya sikio chenye kisahani kinachoshikwa na sumaku juu ya ngozi ya kichwa, na ishara hupelekwa kwa umeme hadi kwenye nyaya nyembamba zilizowekwa ndani kwa upasuaji. Kifaa hiki hakina emoji yake. Wengi wanaokitumia hujitaja kwa 🦻 kwa kukosa nyingine iliyo karibu, na hakuna ubaya katika hilo. Ila kliniki inayotangaza upandikizaji huo inapaswa kueleza kwa maneno kamili, kwa kuwa kati ya kununua shimesikio na kufanyiwa upasuaji pana tofauti kubwa ya gharama, maandalizi na matarajio.

Zimebaki alama mbili za kutajwa kwa haraka. Nyani aliyeziba masikio, 🙉, anatokana na taswira ya Kijapani ya nyani watatu na humaanisha kukataa kusikia jambo. Kumtumia kwa kumlenga kiziwi ni tusi, na hilo halihitaji hoja ndefu. Mkono ulionyoosha kidole gumba, cha shahada na kidole kidogo, 🤟, umetoka katika Lugha ya Alama ya Marekani na humaanisha upendo. Viziwi wa nchi nyingi huupenda, lakini hautoshi kuwa tangazo kwamba huduma ya lugha ya alama ipo.

Rangi ya ngozi na tabia za simu

Emoji ya sikio lenye shimesikio huja kwa rangi ya njano isiyomtaja mtu yeyote, na inaweza kubadilishwa kuwa mojawapo ya rangi tano za ngozi, ambazo Unicode ilizianzisha mwaka 2015 kwa kufuata kipimo cha Fitzpatrick kinachotumiwa na madaktari wa ngozi. Katika simu nyingi rangi hupatikana kwa kuibonyeza alama na kuishikilia mpaka machaguo yajitokeze. Mtu anayejisemea mwenyewe yuko huru kuchagua rangi inayomfaa, lakini tangazo la taasisi lililo kwa watu wote linabaki salama zaidi likiwa na njano, kwa sababu za heshima na za kiufundi vilevile.

Sababu ya kiufundi ni kwamba rangi ya ngozi si sehemu ya alama yenyewe. Ni namba ya pili inayofuata namba ya kwanza, na simu ndiyo inayoziunganisha. Simu isiyoijua alama huonyesha kisanduku kitupu, au kisanduku kikifuatiwa na mraba wa rangi ya kahawia, na msomaji hubaki akijiuliza kilichoharibika. Tatizo hilo huwapata zaidi wenye simu zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2019 ambazo programu zake hazijasasishwa. WhatsApp katika Android hutumia michoro yake yenyewe, hivyo alama inaweza kuonekana vizuri humo na wakati huohuo ikakosekana katika ujumbe mfupi wa kawaida kwenye simu ileile. Hata pale inapoonekana, kampuni mbalimbali huichora kwa namna tofauti, na katika maandishi madogo kile kifaa cha nyuma ya sikio kinaweza kupotea kabisa machoni, mchoro mzima ukadhaniwa kuwa sikio la kawaida. Kwa hiyo hakuna taarifa muhimu inayopaswa kutegemea mchoro peke yake.

Shule, hospitali na vikundi vinavyotuma ujumbe mfupi kwa watu wengi vina jambo la ziada la kuzingatia, nalo ni gharama. Ujumbe mfupi wa herufi za kawaida hubeba hadi herufi 160, lakini ukiingizwa emoji moja tu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na kikomo kinashuka hadi 70. Na ujumbe ukigawanywa vipande, kila kipande hubeba 67. Emoji hii peke yake huhesabiwa kuwa nafasi mbili, na ikiwa na rangi ya ngozi nafasi nne. Tangazo la herufi 140 ambalo lingelipiwa kama ujumbe mmoja huwa jumbe tatu kwa ajili ya picha moja ya sikio, na anayewatumia wazazi 800 analipia jumbe 2,400. (Kwa bahati mbaya hata alama ya ritifaa iliyopinda, ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, huleta hasara hiyohiyo, ilhali ile iliyonyooka haina madhara.) Katika ujumbe wa namna hiyo ni afadhali emoji iachwe na neno shimesikio liandikwe; iwekwe WhatsApp, kwenye bango au kwenye tovuti, ambako mwandishi wa kurasa anaweza pia kuiita kwa msimbo 🦻 pale ambapo kibodi yake haina alama hiyo.

Watu wasioona hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hutamka kwa sauti yale yaliyoandikwa, na inapoifikia emoji hutamka jina lake, pengine kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Anayepamba tangazo kwa masikio matano mfululizo humlazimisha msikilizaji kulisikia jina hilo refu tena na tena kabla ya kufikia habari yenyewe. Alama moja inatosha, na mahali pake pazuri ni mwanzo wa kipengele kinachohusika au mwisho wa sentensi, si katikati ya maneno wala badala ya neno.

Faragha na dhihaka

Mtu akijiwekea 🦻 kando ya jina lake katika akaunti yake ya mtandaoni, anawapa wengine taarifa kwa hiari yake: huenda asipokee simu za sauti kwa urahisi, anapendelea kuandikiwa, na akikutana na mtu anaomba amtazame anapozungumza. Taarifa hiyo ikitolewa na mtu mwingine, hata kwa nia njema, sura yake hubadilika. Mwalimu anayeweka alama hiyo mbele ya jina la mwanafunzi katika kundi la wazazi wa darasa ametangaza hali ya afya ya mtoto kwa watu wasiohusika, ambao nao wanaweza kuisambaza; vivyo hivyo karani anayeiweka katika orodha ya wagonjwa inayobandikwa ukutani, au ofisa utumishi katika orodha ya wafanyakazi inayozunguka ofisi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya kuwa data nyeti, na Tanzania ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kwamba taarifa imeandikwa kwa picha badala ya maneno hakuifanyi isiwe taarifa. Mwalimu anayehitaji kukumbuka ni nani akae mbele na aandike katika daftari lake mwenyewe, na anapotaka wenzake wajue, ampate kwanza mzazi, na mtoto naye aulizwe ikiwa umri wake unaruhusu.

Dhihaka ina mlango wake. Katika malumbano ya mitandaoni 🦻 hutumwa kwa mtu asiyejibu hoja, kwa kiongozi anayedaiwa kutosikia kilio cha wananchi, au kwa mwamuzi wa mpira asiyesikia kelele za mashabiki. Mtumaji hukusudia kusema kwamba aliyelengwa hataki kusikia. Lakini alama aliyoichagua humtaja mtu anayetaka sana kusikia, aliyekwenda kupimwa, akagharamia kifaa na kukivaa mbele za watu. Tashtiti hiyo haimpati aliyelengwa, inampata mpita njia asiyehusika. Tena, katika jamii ambamo wapo wanaokiacha kifaa nyumbani kwa aibu, utani huo unaongeza sababu ya kukificha. Kwa maana ya kutotaka kusikia, Kiswahili kina maneno ya kutosha, kuanzia kutia pamba masikioni hadi sikio la kufa, ambayo hayamgusi mwenye shimesikio.

Vilevile neno linaloandamana na alama lina uzito kuliko alama. Kiziwi ni neno ambalo viziwi wenyewe wamelibeba katika majina ya vyama vyao, kwa hiyo halina haja ya kuzungushwa. Bubu ni neno wanalolikataa, kwa kuwa wengi wao wana sauti na wote wana lugha. Maandishi yenye 🧏 na neno bubu hayaokolewi na uzuri wa mchoro.

Katika matangazo

Mahali ambapo alama hii inafanya kazi yake kikamilifu ni katika tangazo la shughuli ya umma, yaani mkutano, ibada, mafunzo, kikao cha wazazi, siku ya upimaji au tamasha. Humo haisemi habari za mtu. Husema habari za mahali, kwamba wenye shimesikio wameandaliwa nafasi. Ndiyo maana inapaswa kufuatwa na maelezo ya kitu kilichoandaliwa. Tangazo lililo na alama tupu mwishoni, bila neno la kuifafanua, humwacha msomaji akikisia, na mwenye shimesikio aliyekwisha kukatishwa tamaa mara kadhaa hatakisia vizuri.

Mfano wa maandishi yanayofaa ni huu: “Kikao cha wazazi kitafanyika Jumamosi saa 3 asubuhi katika ukumbi wa shule. 🦻 Viti vya mbele vimetengwa kwa wanaotumia shimesikio, wazungumzaji wote watatumia maikrofoni, na muhtasari utagawiwa kwa maandishi. 🧏 Mkalimani wa lugha ya alama atakuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.” Katika mfano huo kila alama imeshika huduma yake na hakuna iliyochukua nafasi ya mwenzake, jambo ambalo waandaaji wengi hulikosea kwa kudhani kwamba maikrofoni yenye nguvu inawatosha hata viziwi, au kwamba mkalimani anamfaa hata mzee asiyejua lugha ya alama.

Kinachostahili kuandaliwa kwa ajili ya wenye shimesikio hakihitaji fedha nyingi. Ukumbi wenye mapazia au mazulia hurudisha mwangwi mdogo kuliko wenye kuta tupu na bati lisilo na dari; jenereta ikiwekwa mbali, maneno yatasikika bila kugombana na mngurumo; mwanga ukielekezwa usoni mwa mzungumzaji, midomo yake itasomeka, ilhali akisimama na dirisha nyuma yake uso wake utakuwa giza. Swali linaloulizwa kutoka nyuma ya ukumbi lirudiwe mbele kwa maikrofoni kabla ya kujibiwa. Mikutano ya mtandaoni iwe na maandishi yanayotokea kwenye skrini, na mzungumzaji awashe kamera. Zipo pia kumbi zilizozungushiwa waya unaopeleka sauti kwa njia ya sumaku moja kwa moja kwenye koili iliyomo ndani ya shimesikio. Ukumbi wa aina hiyo una alama yake ya kimataifa, sikio lililokatwa kwa mstari wa mshazari likiwa na herufi T, na emoji hairuhusiwi kuichukulia nafasi, maana anayeiona T hujua kwamba anaweza kubadilisha kitufe cha kifaa chake, na anayeiona 🦻 hajui.

Tarehe 3 Machi kila mwaka ni Siku ya Usikivu Duniani inayoadhimishwa chini ya Shirika la Afya Duniani, na 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa. Ofisi zinazopenda kuweka picha katika kurasa zao siku hizo zinaweza kuongozwa na tarehe zenyewe: ya Machi inahusu usikivu, vipimo na vifaa, hivyo 🦻 na 👂 zina nafasi, ya Septemba inahusu lugha, na hapo ndipo mahali pa 🧏, huku shimesikio ikiwa nje ya mada. Ujumbe wa Machi hufaa zaidi ukitaja vipimo vinafanyika wapi, saa ngapi na kwa gharama gani, kwa sababu shimesikio kwa kawaida haichukuliwi rafuni kama miwani ya kusomea. Hupangwa kwa kufuata vipimo vya mtaalamu wa usikivu, na isipopangwa vizuri huishia kabatini.

Anayetayarisha tangazo kwa mara ya kwanza awaonyeshe rasimu yake watu wanaotumia shimesikio na viongozi wa chama cha viziwi kilicho karibu naye, awasikilize, kisha alifungue tangazo hilo katika simu ya zamani na katika simu mpya kabla ya kulisambaza. Siku moja kabla ya shughuli ahakikishe kwamba viti, maikrofoni na mkalimani vipo kama ilivyoandikwa. Kimojawapo kikikosekana, alama inayohusika iondolewe na waliokwisha kualikwa wajulishwe kwa maandishi mapema, ili asiwepo atakayelipa nauli ya kwenda kukaa mahali asiposikia lolote.